Kila Aliyempa Jina Alikosea: Potamogale, Mnyama wa Mtoni Aliye Ndugu wa Tembo

Kuna mnyama wa mtoni, katika misitu ya Kongo, Uganda na magharibi mwa Kenya, ambaye karibu kila aliyempa jina alikosea. Wa kwanza alimweka ukoo mmoja na jamaa za ngawa. Wa pili akabisha, akasema huyu ni panya, tena panya wa hadithi. Wengine wakaona yaishe, wakachukua jina la fisi maji wakaliunga na la kirukanjia, wakapata jina la Kiingereza, otter shrew, ambalo ukilipasua katikati hukuti ukweli upande huu wala ule. Sisi wa Kiswahili tumeponea chupuchupu kwa sababu moja tu: hatujampa jina linalojulikana kotekote. Wanaokaa naye mto mmoja wanamwita kwa lugha zao. Ukishasogea mbali na kingo za mto, hana jina.

Hapa nitamwita potamogale, jina lake la kitaalamu, maana linakaa vizuri mdomoni mwetu: po-ta-mo-ga-le, kila silabi inaishia na irabu, utadhani limezaliwa Kisangani. Kumbe ni Kigiriki. Potamos ni mto, neno lilelile lililomo ndani ya jina ambalo wataalamu wanamwitia kiboko, yaani "farasi wa mtoni", na ndani ya Mesopotamia, nchi iliyo kati ya mito. Gale ni kicheche. Kwa hiyo hata jina hili lina kosa lake, kwani potamogale si kicheche hata kidogo. Jina lake la pili, velox, ni la Kilatini, maana yake mwenye mbio. Hilo peke yake ndilo ambalo sijaona mtu akilipinga.

Fujo hii ya majina si ya bure. Inatoka kwenye swali gumu: inakuwaje mnyama aogelee kama mamba, ale kaa kama fisi maji, awe na pua ya kirukanjia, halafu ukipima vinasaba vyake ukute yuko upande wa tembo, nguva na pimbi? Ili tulijibu inabidi tutenganishe mambo mawili ambayo macho yetu hupenda kuyachanganya, umbo na ukoo. Mto unaweza kumchonga mnyama yeyote umbo lake. Ukoo hauchongeki.

Tuanze na umbo, kwa kuwa ndilo lililowapoteza wengi.

Potamogale ana mwili wa sentimita 29 hadi 35 na mkia wa sentimita 24 hadi 29. Uzito wake ni kati ya gramu 300 na 950, maana yake hata yule mkubwa kabisa ni mwepesi kuliko panya buku aliyeshiba. Mgongo ni wa kahawia iliyokoza, tumbo ni jeupe au lina umanjano hafifu. Macho ni madogo kama shanga. Pua yake pana imelala bapa, mdomo wa juu umetuna pande zote mbili, na kwenye uvimbe huo yamesimama masharubu magumu, mengi, yakielekea huku na huku. Tundu za pua zina vifuniko viwili vya ngozi ngumu. Akizama, vinajifunga vyenyewe.

Lakini mkia ndio mnyama mwenyewe. Hapo shinani ni mnene kiasi kwamba huwezi kusema kwa hakika mwili umeishia wapi na mkia umeanzia wapi. Kisha unabanwa ubavuni, unakuwa wa kusimama wima kama mkia wa mamba au wa kambare, na manyoya yake ni mafupi, yamelala, yanateleza. Ndani yake mna misuli inayoshikamana na ile ya nyonga na mapaja, hivyo nusu nzima ya nyuma ya mwili inafanya kazi kama injini moja.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo watu huliruka. Mtazame fisi maji akiogelea, au pomboo, au nyangumi: mgongo unapinda juu na chini. Wanyama wanyonyeshao wengi wako hivyo, na sababu yake iko nchi kavu. Mababu zao walikimbia kwa kukunja na kukunjua uti wa mgongo, kama unavyomwona mbwa anapotimua mbio, na walipoingia majini waliingia na mgongo uleule. Samaki na mamba hupinda kushoto na kulia. Potamogale, ambaye ni mnyonyeshaji na hatagi mayai wala chochote, huogelea kwa kupinda kushoto na kulia. Miguu huikunja karibu na mwili, haiipigi. Ndiyo maana vidole vyake havina utando katikati. Mtu akikuonyesha picha ya mnyama wa mtoni asiye na utando miguuni unaweza kudhani bado hajazoea maji. Huyu amezoea kupita kiasi, ila kazi yote ameukabidhi mkia.

Miguu imebaki na kazi nyingine. Mguu wa nyuma una vidole viwili, cha pili na cha tatu, vilivyoungana, naye huvitumia kama kitana. Usione ni urembo. Maji hunyang'anya mwili joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25, na kadiri mnyama anavyokuwa mdogo ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ikilinganishwa na nyama iliyo ndani, kwa hiyo ndivyo anavyopoteza joto upesi. Kinga yake ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya: nywele ndefu za juu zinazuia maji, na chini yake kuna sufu laini iliyoshikilia viputo. Manyoya yakichafuka na kugandana, viputo vinatoka na baridi inaingia. Kujichana, kwake yeye, ni sawa na mvuvi kuziba tundu la mtumbwi.

Sasa tuseme ni saa tatu usiku kwenye kijito kimoja ndani ya msitu wa Ituri, huko Kongo. Maji yanafika magotini, chini ni mawe na majani yaliyooza. Huoni kitu. Mlango wa shimo lake uko chini ya usawa wa maji, ukutani mwa ukingo, kwa hiyo humwoni akitoka. Unachoweza kuona, ukiwa na bahati na taa, ni mstari mwembamba wa mawimbi unaokwenda dhidi ya mkondo, kisha unakatika. Amezama. Kule chini macho hayamsaidii kitu. Anapitisha uso juu ya mawe, masharubu yakipapasa kila mwanya. Akimgusa kaa anamkamata kwa meno na kupanda naye juu ya jiwe au ukingoni, kwa sababu mlo wake huliwa nje ya maji. Kaa anapinduliwa chali, anaanzwa tumboni, kule ambako gamba ni jembamba na magando hayafiki vizuri. Kaa mkubwa mno huachwa aende zake. Siku nyingine ni samaki, chura, kamba wa mtoni au wadudu wa majini, lakini kaa ndiye chakula kinachotajwa mara nyingi na waliomchunguza.

Kaa hao wa mtoni wana habari yao katika Afrika Mashariki, nami naitaja kwa kupita tu. Mwaka 1950, McMahon na van Someren, waliokuwa wakichunguza usubi, ugonjwa unaopofusha macho, nchini Kenya, waligundua kwamba viluwiluwi vya spishi mojawapo ya inzi weusi waenezao ugonjwa huo hukua vikiwa vimejishikiza kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Walikuwa wametafutwa kwa miaka kwenye mawe na majani, kumbe wamepanda juu ya kaa wanatembezwa. Sisemi kwamba potamogale anatukinga na usubi. Hilo ni dai jingine kabisa. Ila inaonyesha jinsi vijito hivi vidogo, ambavyo tunavivuka kwa kuruka jiwe hadi jiwe, vilivyo na mambo yaliyofungamana.

Haya, tumemjua umbo. Turudi kwa waliompa majina.

Wa kwanza kumwandika kwa ajili ya wasomi wa Ulaya na Marekani alikuwa Paul Du Chaillu, mpelelezi aliyezunguka misitu ya Gabon katika miaka ya 1850 na kurudi na ngozi za sokwe wakubwa waliowatia watu kiwewe. Mwaka 1860 alichapisha maelezo ya mnyama huyu na kumwita Cynogale velox. Cynogale ni jamaa wa ngawa anayeishi majini huko Borneo na Sumatra, kwa hiyo Du Chaillu alikuwa anasema: nimempata ndugu yake wa Afrika. Lakini alijiwekea akiba. Akaandika kwamba ikionekana ni wa aina tofauti, basi aitwe Potamogale.

Huko London, msimamizi wa wanyama katika Jumba la Makumbusho la Uingereza alikuwa John Edward Gray, na Gray hakumpenda Du Chaillu. Alikuwa miongoni mwa waliompinga vikali, wakimwona mtu wa kutia chumvi. Alipoitazama ngozi ya mnyama huyu wa mtoni, ngozi tu, bila mifupa ya maana, akaona mkia, akaona manyoya, akahukumu: huyu ni wa jamii ya panya, na maelezo aliyopewa ni hekaya. Akamtungia jina la kejeli, Mythomys, yaani panya wa hekaya. Kinachonichekesha ni kwamba lile jina la Cynogale, ambalo Du Chaillu alilitumia, lilitungwa na Gray mwenyewe miaka zaidi ya 20 kabla. Mwenye jina alimshambulia aliyeliazima.

Bado miaka ileile ya 1860 haijaisha, Barbosa du Bocage wa Lisbon akapata mnyama kutoka Angola, asijue kwamba ndiye yuleyule, akampa jina la tatu, Bayonia. Kisha George Allman akapata nafasi ya kuichunguza mifupa. Fuvu likafunguka, meno yakaonekana, na zile hoja za ngawa na panya zote mbili zikaanguka kwa mpigo. Meno hayakuwa ya kutafunia nyama kama ya ngawa, wala hayakuwa na patasi mbili za mbele kama za panya. Magego ya juu yalikuwa na umbo la herufi V.

Hiyo V ndogo ndiyo iliyotawala mjadala kwa miaka mia moja iliyofuata. Wenye magego ya namna hiyo ni wachache: tenreki wa Madagaska, fuko wa dhahabu wa kusini mwa Afrika ambao hawana macho yanayoonekana, na solenodoni wa visiwa vya Karibi. Wote ni wadogo, wote wanakula wadudu na vidudu, wote wana pua ndefu. Wataalamu wakawatia kwenye kapu moja na virukanjia, fuko wa Ulaya na kalunguyeye, wakaliita kapu hilo walawadudu. Lilikuwa kapu la "huyu naye tumweke wapi". Mnyama mdogo mwenye pua ndefu asiye na sifa ya kujitenga alitupwa humo, na potamogale akatupwa humo pia. Hapo ndipo lile jina la Kiingereza lilipoota mizizi: anaogelea kama fisi maji, yuko kapu la kirukanjia, basi unganisha.

Kirukanjia ninayemsema ni yule mdogo mwenye harufu kali anayepita kando ya kuta usiku, ambaye watu walisema akikatiza njia hufa. Kwa wasomi wa ukoo wa wanyama, potamogale kuitwa kirukanjia ni kosa kubwa kuliko kumwita panya au ngawa kulivyokuwa, kwa sababu hili lilidumu.

Kapu lilianza kupasuka mwaka 1997. Mark Springer, Michael Stanhope na wenzao walilinganisha vinasaba vya wanyama mbalimbali na kukuta fuko wa dhahabu haendi na fuko wa Ulaya hata kwa mbali. Alikuwa upande wa tembo, nguva, pimbi, muhanga na sange. Mwaka uliofuata tenreki nao wakaonekana wako hukohuko. Stanhope na wenzake wakalitungia kundi hilo jina la Afrotheria, "wanyama wa Afrika", na wale wadogo, tenreki, fuko wa dhahabu na potamogale, wakawekwa kwenye oda yao, yaani kundi lao dogo ndani ya lile kubwa.

Watu wengi waliosoma habari hizo waliguna, nami siwalaumu. Vipimo vya vinasaba mwanzoni vilikuwa ni hesabu za kufanana kwa asilimia, na hesabu za namna hiyo zinaweza kubishiwa. Kilichonisadikisha mimi ni ushahidi mwingine, wa kizamani kwa mantiki yake. Wanaochunguza miswada ya tenzi iliyonakiliwa kwa mkono huko Lamu na Pate wanaijua mbinu hii: nakala tatu zikikosa ubeti uleule mahali palepale, basi zimetoka kwenye nakala moja ambayo ilikuwa imeuruka ubeti huo. Si rahisi waandishi watatu wasiojuana wasinzie kwenye mstari mmoja. Sasa, kuna jeni iitwayo BRCA1, ambayo wengi tunaisikia hospitalini inapozungumzwa saratani ya matiti. Wanyama karibu wote wanyonyeshao wanayo. Ndani yake, mahali palepale, tembo amekosa herufi 9 za vinasaba. Nguva amekosa zilezile 9. Pimbi, muhanga, sange, fuko wa dhahabu na tenreki, wote wamezikosa. Simba, ng'ombe, panya, kirukanjia na binadamu wanazo. Mnakili mmoja wa zamani aliziruka, na vizazi vyake vyote vikarithi pengo.

Baada ya hapo watu wakarudi kwenye miili kwa macho mapya, wakaanza kuona vitu vilivyokuwa wazi siku zote. Tembo dume hana korodani zinazoning'inia nje. Zimekaa ndani, karibu na figo. Pimbi yuko hivyohivyo, na sange, na tenreki. Mwaka 2008 Robert Asher na Thomas Lehmann walionyesha kwamba wanyama wa kundi hili wana tabia ya kuchelewa kuota meno ya ukubwani, wakati mwingine taya likiwa limeshakaribia ukubwa wake wa mwisho. Hakuna aliyekuwa amewaza kulinganisha meno ya tembo na ya tenreki, na angewaza kwa sababu gani?

Na ile V ya magego? Solenodoni wa Karibi, ambaye anayo, vinasaba vimemweka kwa virukanjia na fuko wa Ulaya, mbali na hawa wetu. Kwa hiyo V ilizuka zaidi ya mara moja. Jino nalo, lililoaminiwa miaka mia, lilikuwa limedanganya kwa nusu.

Lililobaki ni kuelewa jambo lenyewe lilitokeaje. Afrika ilipoachana na Amerika Kusini, takriban miaka milioni 100 iliyopita, ilikaa kama kisiwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka kabla ya kugusana na Asia. Wanyonyeshaji waliokuwamo walibaki peke yao na nafasi tele za kujaza. Palihitajika mchimba ardhi, akatokea fuko wa dhahabu, anayefanana na fuko wa Ulaya kwa sababu kuchimba udongo kuna umbo lake. Palihitajika mla mchwa, akatokea muhanga. Kule Madagaska tenreki mmoja akaota miiba hadi huwezi kumtofautisha na kalunguyeye kwa haraka. Baharini akaingia nguva. Na kwenye mito ya msituni akatokea mwogeleaji mwembamba mwenye masharubu na manyoya ya tabaka mbili. Kazi zilikuwa zilezile zilizokuwa zikifanywa Ulaya na Asia, zikazaa maumbo yaleyale, kutoka kwa wazazi wengine kabisa.

Hapa lazima niondoe kosa moja ambalo nimelisikia kila mara habari hii inapotajwa. Kusema potamogale ni ndugu wa tembo si kusema alitokana na tembo, wala kwamba tembo alikuwa potamogale akakua. Undugu wenyewe ni wa mbali kuliko binamu wa babu wa babu yako. Babu yao wa pamoja aliishi enzi za dinosaria au karibu na hapo, na hakuwa na mkonga wala mkia wa kuogelea. Ndugu zake wa karibu ni tenreki wa Madagaska, nao wameachana kwa makumi ya mamilioni ya miaka, tangu mababu wa tenreki walipovuka mlango bahari wa Msumbiji, inaaminika juu ya magogo na mimea iliyong'oka na kuelea. Umbali huo ni mkubwa kiasi kwamba uchunguzi wa mwaka 2016 ulipendekeza potamogale na jamaa zake wasihesabiwe tena kama tawi la familia ya tenreki, wawe na familia yao wenyewe.

Jamaa zake ni wawili tu, wote wadogo kuliko yeye, wa kukaa kiganjani: mwili wa sentimita 12 hadi 20. Mmoja, Micropotamogale lamottei, anatoka eneo la Mlima Nimba, pale Guinea, Liberia na Côte d'Ivoire zinapokutana, na alielezwa kitaalamu mwaka 1954 tu. Mwenzake, Micropotamogale ruwenzorii, alifuata mwaka 1955. Huyu ni wa kwetu: Rwenzori na milima ya jirani, upande wa Kongo, Uganda na Rwanda. Kati ya Nimba na Rwenzori kuna zaidi ya kilomita 4,000, na humo katikati potamogale mkubwa yupo lakini wadogo hawajaonekana. Ukiangalia ramani unadhani mtu alidondosha mbegu mbili kwenye pembe mbili za shamba.

Mdogo wa Rwenzori anavutia kwa sababu nyingine. Yeye ana utando miguuni, na mkia wake ni mwembamba zaidi. Anapiga maji kwa miguu. Ukoo mmoja, mto wa aina moja, chakula kilekile, na bado njia mbili za kuogelea. Watu hupenda kusema mazingira yanamlazimisha mnyama kuwa hivi au vile. Mbele ya hawa wawili kauli hiyo inahitaji kupunguzwa makali.

Kuhusu zamani zao tuna ushahidi kidogo. Songhor, magharibi mwa Kenya, si mbali na Kisumu, pamechimbwa visukuku vya wanyama wadogo wa miaka takriban milioni 20 iliyopita ambao meno yao yana ile V na ambao wamewekwa karibu na ukoo wa tenreki. Butler na Hopwood ndio waliowaeleza, mwaka 1957. Kwa hiyo ukoo huu ulikuwapo hapa zamani hizo, si wageni kutoka Madagaska. Mtu akikuambia tenreki ni wa Madagaska, mwambie ni wa huku waliohama.

Na kwa nini potamogale mkubwa anaishia magharibi mwa Kenya na hafiki pwani? Yeye ni wa mito iliyofunikwa na msitu wa Kongo. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha ukanda ule mkubwa wa misitu unaoanzia Guinea. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu zaidi, msitu ulienea, na vijito vya Kakamega vikawa vimeungana kwa kivuli na vile vya Ituri. Msitu ulipojivuta nyuma, Kakamega ikabaki kama dimbwi baada ya maji kukupwa.

Kwa sasa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, halimhesabu potamogale mkubwa kuwa hatarini, kwa kuwa eneo lake ni pana, toka Nigeria hadi Angola na Zambia. Eneo pana lakini halimaanishi kila mto uko salama. Msitu ukikatwa hadi ukingoni, mvua inabeba udongo, mawe ya chini yanafunikwa na tope, na kaa wanakosa mianya ya kujifichia. Kule mashariki mwa Kongo wachimbaji wadogo wa dhahabu huchota na kuosha mchanga wa mtoni siku nzima, na maji yanashuka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Halafu kuna mgono, mtego wa samaki. Mvuvi anautega jioni, mdomo wake umeelekezwa kwenye mkondo, fimbo zake zimechongoka kwa ndani ili anayeingia asirudi. Usiku kaa wanaingia kwanza, wakifuata chambo. Potamogale anapitisha masharubu kwenye ule mlango, anamsikia kaa, anajisukuma kwa mkia, anaingia. Ndani anamkamata kaa, anataka kupanda juu kuvuta pumzi na kula, na hakuna juu. Wale wadogo wa Nimba na Rwenzori, sehemu kubwa ya kinachojulikana juu yao imetokana na mizoga iliyotoka kwenye mitego ya samaki, wavuvi wakawapelekea watafiti. Alfajiri mvuvi anaukung'uta mgono juu ya majani, samaki wanatoka, kaa wanatoka, na mnyama mmoja aliyelowa, mzito kuliko anavyoonekana. Mvuvi anampindua kwa kidole, anaona tumbo jeupe na mkia wa mamba, na anamwita kwa jina la kwao.